Tumbo la Kimelea

Kamwene kwa mlioko Iringa na Njombe, ugonile kwa ndugu zetu wa Tukuyu na Kyela, na nyinyi wa sokoni Soweto hapa Mbeya, mnaofunga biashara huku redio ikiwa juu ya gunia, poleni na kazi.

Leo nazungumzia tumbo. Si lako wala langu, ni la kimelea cha malaria. Nimelichagua kwa sababu sehemu kubwa ya habari ya dawa za ugonjwa huu, tangu kwinini mpaka mseto, inaanzia hapo. Dawa zetu kubwa zimekuwa zikikiua kimelea kikiwa kinakula. Kilipopata njia ya kuzikwepa, mara nyingi kilizikwepa kwa kubadili ulaji wake, na kila kilipokwepa kilipata hasara fulani. Hiyo hasara ndiyo ninayotaka tuitazame jioni hii, kwa kuwa ndiyo inayoamua dawa ipi itadumu na ipi itatutoka.

Najua kuna atakayeuliza: Soweto na malaria wapi na wapi? Ni kweli baridi yetu inatulinda. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimelea cha falsiparamu, kile kikali kuliko vyote, kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Kwenye nyuzi 28 hukomaa kwa siku tisa au kumi, kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki tatu, na chini ya nyuzi 16 hakikui kabisa. Mbu wachache mno huishi muda huo wote. Ndiyo maana Iringa na Njombe huwa chini kabisa kwenye takwimu za nchi, wakati uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara wana vimelea, na Tabora asilimia 23.

Ila Soweto ni soko. Mchele unapanda kutoka Kyela, kwenye ufukwe wa ziwa ambao hauzidi mita 500, na kutoka Usangu, kwenye majaruba ya Mbarali yanayokaa na maji kwa miezi. Mfanyabiashara hushuka, hulala huko usiku mbili tatu, hung'atwa, hurudi na mzigo wake. Homa inamkuta nyumbani baada ya wiki moja au mbili, akiwa ameshasahau mbu. Na mwili wa mtu wa huku juu haujazoea, haufanani na wa yule aliyekulia Kyela, kwa hiyo malaria ikimpata humpata kwa kishindo.

Sasa tuingie tumboni.

Kimelea kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu kina saa 48 za kukua, kugawanyika na kuipasua. Chakula kilichomo humo ni kimoja tu cha maana, himoglobini, ile protini inayobeba hewa na kuipa damu wekundu wake. Kimelea humeza himoglobini kwa mafundo, huipeleka kwenye kifuko chenye asidi, na humo vimeng'enya vyake huikatakata. Katika saa hizo 48 hula zaidi ya nusu ya himoglobini yote ya chembe. Ni mlafi kweli.

Tatizo lake ni kwamba himoglobini imebeba madini ya chuma, yakiwa yameshikwa na kipande kinachoitwa himu. Protini ikishaliwa, himu hubaki huru, nayo ni sumu, hutoboa kuta za seli. Kimelea hakina namna ya kuitupa nje. Kinachofanya ni kuipanga himu ile, moja juu ya nyingine, mpaka iwe fuwele ngumu isiyodhuru. Wenzetu wa maabara mnaziona fuwele hizo kila siku: ni zile chembechembe za kahawia zinazokaribia weusi, zinazometameta kidogo ukichezesha mwanga wa hadubini. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa akifuatilia rangi hiyohiyo huko Constantine, Algeria, mwezi Novemba 1880, alipoona vitu vilivyoibeba vinacheza. Ndivyo kimelea cha malaria kilivyoonekana kwa mara ya kwanza.

Klorokwini ilifanya kazi hapo hapo. Wa umri wangu mnaikumbuka, uchungu wake ulikaa ulimini mpaka kesho yake, na wengine iliwawasha mwili mzima hata wakaapa kutoimeza tena. Dawa ile hupenda asidi, kwa hiyo ikiingia kwenye chembe hukimbilia kile kifuko na kujazana humo kwa wingi ajabu. Ikiwa humo huishika himu na kuizuia isijipange kuwa fuwele, na kimelea kinakufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Sijui dawa nyingine yenye ujanja safi namna hiyo, na ilikuwa bei ya pipi.

Kimelea kilijiokoaje? Kwenye ukuta wa kifuko kuna protini moja iliyo kama mlango wa uani wa jiko la mama ntilie, ndipo yanapotolewa mabaki yaliyosagwa yakatumike kwingine. Badiliko dogo kwenye jeni lake, likiambatana na mengine machache, linaufanya mlango huo uisukume nje klorokwini. Vimelea vyenye mlango wa namna hiyo vilianzia Asia, na mwaka 1978 usugu ukaripotiwa Kenya na Tanzania. Baada ya hapo ni habari ya misiba.

Msikilizaji wa Kasumulu, hapa pako. Mto Songwe unatutenganisha na Malawi, watu wanavuka, samaki wanavuka, mbu hawajui pasi wala visa. Mwaka 1993 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuiacha klorokwini nchi nzima na kuchukua SP, ile tuliyoizoea kwa jina la Fansidar. Sisi upande huu tuliendelea na klorokwini mpaka 2001. Kwa miaka minane, hatua chache kutoka daraja moja, mgonjwa wa kaskazini alipewa dawa moja na wa kusini akapewa nyingine.

Mwaka 1992, kabla ya Malawi kubadili, vimelea vyenye ule mlango uliobadilika vilikuwa asilimia 85. Mwaka 2000 vilikuwa asilimia 13, na mwaka 2001 watafiti walivitafuta wasivione. Kisha mwaka 2005, mjini Blantyre, watoto walipewa tena klorokwini katika utafiti wenye uangalizi mkali. Kati ya 80, walipona 79. Dawa iliyozikwa ilikuwa hai. Kwetu mambo yalikwenda vilevile, tukichelewa kwa miaka ile minane tuliyochelewa kubadili, kwani takriban miaka kumi baada ya kuiacha, sampuli zilizopimwa kutoka mikoa kadhaa ya Tanzania zilionyesha zaidi ya asilimia 90 ya vimelea vina mlango wa zamani.

Kwa nini virudi? Kwa sababu mlango uliobadilika ili kuitoa dawa hauyatoi mabaki ya chakula vizuri kama ule wa awali. Kimelea sugu hula kwa shida. Wakati klorokwini imejaa mitaani shida hiyo si kitu, maana wale walaji wazuri wanakufa wote. Dawa ikiondoka, wale walaji wazuri waliobaki wachache huzaana haraka kuwashinda wenzao, na miaka michache inatosha.

Msinielewe vibaya, sisemi tukaifukue klorokwini. Ikimwagwa tena peke yake madukani, milango ile itarudi upesi kuliko ilivyotoweka. Ninachosema ni kwamba usugu una gharama kwa mwenye usugu, na sisi ndio tunaomlipia gharama hiyo tunapomeza dawa pasipo na malaria.

SP nitaipita haraka kwa kuwa haikugusa tumbo. Ilishambulia utengenezaji wa folati, ambayo kimelea hujitengenezea na sisi tunaipata kwenye mchicha na maharage. Mabadiliko machache kwenye vimeng'enya viwili yakatosha kuishusha, na mwishoni mwa 2006 Tanzania ikaanza kuhamia dawa mseto, artemetha na lumefantrini. SP ikabaki na kazi yake ya kuwakinga wajawazito.

Kabla ya mseto niseme neno la kwinini, maana nayo ina historia huku. Wajerumani walipanda sinkona Amani, kwenye milima ya Usambara. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakatia meli za dawa, walitengeneza kwinini kutokana na magome yao wenyewe. Baadaye, wakikimbizwa kusini, askari wa kamanda wao Lettow-Vorbeck walichemshiwa magome hayo wakanywa mchuzi wake mchungu, wakaubandika jina la kileo, Lettow-Schnaps. Inadhaniwa kwinini nayo husumbua upangaji wa himu katika kifuko kilekile. Leo sinkona bado inalimwa jirani zetu, Kivu Kusini, ambako kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeishi kwa magome hayo.

Artemisinini, ambayo artemetha ya mseto imetokana nayo, ni mnyama mwingine. Ilitoka China, kwenye mmea wa Artemisia annua, katika mradi wa siri ulioanza tarehe 23 Mei 1967. Bibi Tu Youyou aligundua kwamba kuchemsha kunaharibu kilichomo, akatumia etha inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Nobeli. Katikati ya molekuli yake kuna atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, daraja ambalo likiguswa na madini ya chuma linakatika kwa fujo na kurusha vipande vinavyounguza protini zozote zilizo karibu. Na chuma hicho kinatoka wapi? Kwenye himu ya himoglobini iliyoliwa. Kimelea hujiwashia chenyewe bomu kwa kula. Chembe ya damu isiyo na kimelea haijaliwa himoglobini yake, kwa hiyo dawa hupita bila kuiletea balaa.

Wakulima wa Afrika Mashariki walionja mmea huo. Mwaka 2004 na 2005 mahitaji yalipolipuka, bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo, kila mtu akataka mbegu. Miaka michache baadaye ilikuwa karibu dola 200, wengi wakarudi kwenye mahindi. Wakulima wa pareto wa Umalila na Mufindi hawatashangaa, nao wamezoea bei ya kupanda na kushuka kule kiwandani Mafinga. (Na pareto, kwa wasiojua, ndiyo babu wa dawa za kwenye vyandarua. Wanakemia waliiga viini vyake.)

Hapo ndipo linapozuka swali la majani: kama dawa inatoka kwenye mmea, kwa nini nisinywe chai yake? Naliheshimu swali hili kuliko wanavyoliheshimu baadhi ya wataalamu. Jibu limo kwenye vipimo. Artemisinini kwenye majani makavu ni takriban asilimia moja au chini yake, hubadilika shamba kwa shamba, na haipendi kuyeyuka kwenye maji. Ikishafika mwilini nusu yake imeondoka ndani ya saa chache. Ile Artemisia afra inayojiotea milimani kwetu haina artemisinini ya maana. Anayekunywa kikombe anakipa kimelea dozi ndogo, ya kukizindua pasipo kukiua, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi hayo.

Sasa kimelea kimeanza kuikwepa artemisinini pia, na sikilizeni kinavyofanya. Kuna protini yake iitwayo kelchi 13, inayohusika na kumeza yale mafundo ya himoglobini. Mwaka 2020 wanasayansi walionyesha kwamba ikibadilika, kimelea kichanga kinameza kidogo. Kinajinyima. Kikila kidogo, himu inakuwa kidogo, chuma kinakuwa kidogo, na daraja la oksijeni halikatiki. Kinafunga mpaka dawa ipite, na artemisinini hupita haraka. Kisha kinafuturu.

Vimelea vya namna hii vilitangazwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka uliofuata, na kwetu vimekutwa Kagera. Kundi la Daktari Deus Ishengoma wa taasisi ya utafiti ya NIMR lilipima sampuli za 2021 kutoka mikoa mbalimbali. Kagera karibu asilimia 8 zilikuwa na badiliko hilo, na wilayani Karagwe ilizidi moja kati ya tano. Mwaka 2022 watoto wa Karagwe walipewa mseto na kufuatiliwa. Siku ya tatu, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa bado na vimelea, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra, ila mwishowe dawa iliwaponya karibu wote. Lumefantrini ndiyo iliyomalizia. Kama nayo ingekuwa imechoka, tungekuwa tunazungumza mengine.

Je, kimelea kinachojinyima kinapata hasara kama kile cha mlango mbovu? Inaelekea hivyo, kwa kuwa mwenye kula kidogo hukua polepole. Lakini hasara hiyo haina nguvu mahali ambapo kila homa inapewa mseto. Na hapa nawasema watu wa mijini kwetu. Jijini Mbeya, homa nyingi si malaria. Ni mafua, ni mkojo, ni taifodi, ni nimonia ya mtoto inayohitaji dawa nyingine na inayohitaji upesi. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika kumi na tano au ishirini. Anayeingia duka la dawa na kusema "nipe mseto, najijua mwenyewe" anaondoa ushindani ambao ungeviua vile vimelea vinavyojinyima.

Dawa mpya zinatafutwaje? Mpaka 1976 hakuna aliyeweza kukiweka hai kimelea cha falsiparamu kwenye chupa kwa muda mrefu. Mwaka huo William Trager na James Jensen, New York, walifaulu kwa kifaa cha kuchekesha. Waliweka sahani za damu kwenye mtungi wa kioo, wakawasha mshumaa ndani, wakafunika. Mshumaa ulipozimika wenyewe, hewa iliyobaki ilikuwa na oksijeni pungufu na kaboni dioksidi nyingi kidogo, na hiyo ndiyo hewa kimelea kinayoipenda. Tangu hapo mtu anaweza kugawa damu yenye vimelea kwenye vishimo 96 vya kisahani, kila kishimo akakitia kiasi tofauti cha kemikali, akangoja siku mbili au tatu, akahesabu kiasi gani kilizuia nusu ya vimelea visikue.

Kwa njia hiyo Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi akiwa mmoja wao, walichapisha mwaka 1990 matokeo ya mimea ya tiba ya Tanzania iliyojaribiwa kwa kimelea sugu. Mmoja kati ya iliyofanya vizuri ni ndago! Ndago hii hii unayoilaani shambani, vile vijiazi vyake vina kiini kinachozuia kimelea. Mwingine ni Maytenus senegalensis, ambao gome la mzizi wake lilikuwa kali zaidi. Lakini kimojawapo cha viini vilivyomo kwenye jamii hiyo, pristimerini, hudhuru pia seli za binadamu, na hapo ndipo kazi ngumu ya kemia inapoanza, yaani kutenganisha kinachoua kimelea na kinachomuua mgonjwa. Dawa ya mmea huo imefika hatua ya kujaribiwa usalama kwa watu wenye afya njema Bagamoyo, kwenye kituo cha taasisi ya afya ya Ifakara. Tangu yale matokeo ya 1990 ni zaidi ya miaka thelathini, na sioni aibu yoyote katika mwendo huo.

Zilizo karibu zaidi na duka la dawa ni nyingine. Sipagamini hulenga pampu inayotoa chumvi ya sodiamu nje ya kimelea. Pampu ikikwama, sodiamu inafurika ndani na kimelea kinavimba. Ganaplasidi, ambayo imejaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika ikiunganishwa na lumefantrini, huvuruga usafirishaji wa protini ndani ya kimelea. Zote mbili hazingoji kimelea kianze kula, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kufurahia: kufunga hakutakisaidia.

Mpaka zifike, tunayo mseto, na iko namna ya kuinywa. Ni dozi sita kwa siku tatu. Kwa mtu mzima ni vidonge vinne kila mara, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Artemetha inapiga haraka na kuondoka, lumefantrini inabaki kwenye damu siku kadhaa ikivisubiri vile vilivyofunga. Ila lumefantrini haiingii mwilini bila mafuta. Ikinywewa na chakula chenye mafuta huingia mara 16 zaidi ya ikinywewa tumbo likiwa tupu. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Maziwa yanafaa, karanga zinafaa, na nyinyi wa Rungwe na Njombe mnaouza parachichi kwa makontena, nusu yake kwa kila dozi inatosha kabisa. Mgonjwa asiyetaka kula mpeni hata uji wa maziwa, na akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, arudie dozi hiyo.